Kupanga safari ya miguu katika vijiji vya Mlima Elgon

Wengi wanaoufikia Mlima Elgon kwa upande wa Uganda hufuata Wagagai, kilele chenye urefu wa mita 4,321, wakapanda na kushuka kwa siku nne hivi bila kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya mwenyeji. Mwongozo huu ni wa msafiri mwenye nia nyingine, yaani yule anayetaka kutembea katika miteremko ya chini, kwenye kahawa na migomba, akila, akilala na kushika jembe pamoja na wenye mashamba. Safari ya namna hiyo haianzi na ramani. Huanza na kalenda ya wenyeji, kisha hutafutwa mwenyeji, na njia ya kupita huamuliwa mwisho. Anayeanza na njia huishia kupita mbele ya nyumba zilizofungwa, kwa kuwa wenyewe wako shambani au sokoni.

Amua kwanza upande wa mlima. Magharibi na kusini-magharibi, katika wilaya za Mbale, Sironko, Bulambuli na Bududa, wanaishi Wamasaba, ambao wengi huwaita Wagisu. Kaskazini, katika Kapchorwa, Kween na Bukwo, wanaishi Wasabiny, ambao ni ndugu wa Wakalenjin wa Kenya na ndio waliomlea mkimbiaji Joshua Cheptegei. Lugha, vyakula na desturi za pande hizi mbili ni tofauti kabisa, na mwenye siku tatu au nne tu afadhali achague upande mmoja. Sipi, yenye maporomoko matatu ya maji, kubwa kuliko yote likianguka takriban mita 100, ni lango rahisi la upande wa Wasabiny. Lakini imezoea watalii mno, na vijana wa kuongoza wageni watakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Lala hapo usiku mmoja ukipenda, halafu panda kuelekea vijiji vya juu, ambako mgeni bado ni mgeni.

Kuhusu majira, yapo mambo matatu yanayovutana. Mvua huanza Machi au Aprili, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi na kuendelea hadi Novemba. Miezi ya kutegemewa kwa ukavu ni Desemba hadi Februari. Mavuno ya kahawa nayo hushika kasi katika miezi ya mwisho ya mwaka, mvua zikiwa bado hazijaisha. Imbalu, yaani tohara ya vijana wa Kimasaba, hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili pekee, ikifunguliwa rasmi mwezi Agosti pale Mutoto, karibu na mji wa Mbale, na kuendelea kijiji kwa kijiji hadi Desemba. Anayetaka kuona yote matatu kwa usalama atazame Desemba ya mwaka wa imbalu: mvua zimepungua, buni za mwisho bado ziko mitini, na koo kadhaa hazijamaliza sherehe zao.

Suala la mvua si la kuchafua viatu tu. Udongo wa miteremko hii huporomoka, na umeua watu wengi: Nametsi wilayani Bududa tarehe 1 Machi 2010, Bududa tena Oktoba 2018, na Bulambuli Novemba 2024. Iwapo mvua imenyesha mfululizo kwa siku mbili au tatu, usilale katika nyumba iliyo chini ya mteremko mkali wala kando ya mto, hata kama ulikwisha kulipa. Muulize mwenyeji kama kumeonekana nyufa ardhini juu ya kijiji, na ukimwona mwenyewe anahamisha watoto, hama pamoja naye.

Kumpata mwenyeji ndiyo kazi inayostahili muda mwingi zaidi, na ianze wiki kadhaa kabla ya safari. Njia bora ni vyama vya ushirika vya kahawa, ambavyo eneo hili limevizoea kwa miaka mingi. Umoja wa Ushirika wa Bugisu ulianzishwa mwaka 1954. Njia nyingine ni parokia, msikiti au shule iliyo katika kijiji unachokusudia. Ukishapata jina la familia, piga simu na uzungumze nao wenyewe, si na kiongozi wa wageni peke yake. Waambie mko wangapi, mtalala siku ngapi, wanawake na wanaume watalalaje, na nini hamli. Msafiri Mwislamu aseme mapema kuhusu nyama. Waislamu si wachache Mbale na vitongojini, kwa hiyo mchinjaji hupatikana, lakini si jambo la kushtukiza wakati kuku yuko tayari jikoni.

Patana bei ya malazi, chakula na kiongozi kila kimoja peke yake, na uulize waziwazi nani atapokea nini. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeamka kabla ya mapambazuko kuchota maji na kupika. Fedha ya chakula ikabidhiwe kwake. Toa fedha taslimu mjini Mbale au Kapchorwa, ukiomba noti ndogo, kwani chenji huko juu ni shida. Zawadi ya kuingilia nyumbani ni ile ile inayojulikana Afrika Mashariki nzima: sukari, chumvi, sabuni, majani ya chai. Peremende kwa watoto wa njiani ziache, maana zinawafundisha kuombaomba kwa kila mpita njia.

Mkifika kijijini, kabla ya kutua mizigo, kiongozi awapeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkajitambulishe. Ni heshima, na pia ni usalama wenu, kwa sababu maswali yote kuhusu wageni huishia kwake. Upande wa Wamasaba salamu ni «Mulembe», nayo haipokelewi kwa haraka; simama, pokea mkono, ulizana habari za nyumbani. Mzee aitwe mzee na mama aitwe mama.

Panga siku moja nzima ya kahawa. Asubuhi mtachuma buni zilizoiva, nyekundu tupu, na mwenye shamba hatasita kukurudisha mtini ukichanganya na mbichi. Jioni ileile buni humenywa kwa mashine ya mkono, kwani zikilala huharibika. Kisha huachwa zichachuke, huoshwa na kuanikwa. Mtakayoinywa itakuwa ya mavuno yaliyokwisha kukauka, iliyotwangwa kwenye kinu na kukaangwa juu ya moto mbele yenu. Kwa maoni yangu siku hiyo inazidi maporomoko yote matatu ya Sipi. Chakula cha kuomba upande wa Bugisu ni malewa, machipukizi ya mwanzi wa mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa njugu zilizosagwa. Mtoe taarifa siku moja kabla, kwani huchukua muda kulainika.

Imbalu inahitaji adabu ya pekee. Kijana hucheza kwa siku kadhaa akizungukia jamaa zake kwa ngoma ya kadodi, mwili umepakwa machicha ya ulezi, hadi siku anaposimama wima mbele ya umati na kukatwa bila kutikisika. Mgeni hufuatana na familia iliyomwalika. Hajitokezi mwenyewe kwa sababu amesikia ngoma. Msafara wa kucheza unaruhusu picha ukiomba, lakini tendo lenyewe usilipige ila baba wa kijana akubali. Umati hukimbia, basi simu na pochi zikae ndani ya nguo. Upande wa Wasabiny ukeketaji wa wanawake ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2010, baada ya wazee wao wenyewe kuupinga kwa miaka. Mgeni asiulize aonyeshwe wapi.

Njia yenyewe iwe fupi. Saa nne au tano za kutembea kwa siku zinatosha, na usiku mbili katika nyumba moja ni bora kuliko nyumba mpya kila jioni. Vijijini huhitaji kibali, ila ukivuka mpaka wa hifadhi ya taifa ni lazima ulipe ada ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na uongozane na askari wake; kituo cha Kapkwai, juu ya Sipi, kinafaa kwa hilo. Ukipita kwa Wabenet, waliohamishwa kutoka msituni na ambao Mahakama Kuu iliwatambua mwaka 2005 kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo, utasikia habari za mpaka huo kwa sauti nyingine. Sikiliza, wala usiahidi chochote.

Mizigo isizidi unayoweza kubeba mwenyewe: sweta nzito, kwa kuwa usiku ni baridi, koti la mvua, tochi, dawa zako, kitambaa cha kujifunga kiunoni kwa wanawake. Kwenye tope buti za mpira zinazouzwa sokoni Mbale hushinda viatu vya bei kubwa. Kunywa maji yaliyochemshwa.

Kutoka Kampala hadi Mbale ni zaidi ya kilomita 220 kwa basi, kisha taksi hupanda Sipi na Kapchorwa kwa barabara ya lami. Wanaotoka Kenya huingia Malaba au Suam. Siku ya kuondoka, toka kwa mwenyeji alfajiri. Siku ya soko taksi za kushuka hujaa mapema, na bodaboda kwenye mteremko uliolowa si ya kupanda mkiwa wawili na mizigo.