Kabla ya kupandikizwa kano ya kisigino, tengeneza choo

Mimi nilijiandaa kwa shuka mpya na chupa ya chai. Niliporudi nyumbani Mikindani na hogo, yaani plasta ngumu, hadi chini ya goti, nikakumbuka choo chetu ni cha kuchuchumaa. Shemeji yangu akatoboa kigoda cha mbao usiku ule ule, mimi nimeegemea mlango. Wewe toboa mapema, na mikeka yote ikunjwe: gongo likikanyaga mkeka kwenye sakafu ya saruji, umeanguka.

Niliumia kwenye mechi ya maveterani. Nilisikia "paa!" nikageuka kumtukana aliyenipiga teke. Nyuma hapakuwa na mtu: ilikuwa kano ya kisigino, ule mkanda mgumu unaounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino, imekatika. Nikachuliwa kwa mafuta ya nazi wiki saba, na hilo ndilo kosa langu. Kipimo ni cha dakika moja tu: lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, unyayo unasogea wenyewe kama unakanyaga pedali ya mafuta ya gari. Wangu ulitulia tuli. Ukiona hivyo usichuliwe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukichelewa, misuli huvuta ncha moja juu na pengo linakuwa kubwa, ncha mbili hazishoneki tena zikakutana. Hapo daktari anaazima kano kwingine. Kwangu aliazima ile inayokunja kidole gumba cha mguu, akaipachika kwenye mfupa wa kisigino. Wengine huchukuliwa ya nyuma ya paja. Uliza yako inatoka wapi kabla hujasaini. Na kama unavuta sigara, acha sasa; ngozi ya pale nyuma ni nyembamba, damu yake haba, kidonda hugoma kufunga.

Mguu hufungwa vidole vikielekea chini. Usijaribu kuuvuta unyayo juu, hata ukichoka vipi. Ukilala, mto ukae chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, rudi hospitali. Shavu likivimba na kuuma, au pumzi zikibana ghafla, usisubiri siku ya kliniki: huenda damu imeganda mshipani, na hiyo inaua.

Msimu wa korosho ulinikuta na magongo. Nilikaa chini ya mkorosho nikinyofoa korosho kwenye mabibo, wenzangu wakiokota na kunitania kuwa nimepandishwa cheo. Kuswali, kwenye kiti. Mazoezi nilianza nilipoambiwa, si nilipojisikia: kwanza kuinua visigino nikiwa nimekaa, baadaye nimesimama nimeshika ukuta. Hesabu miezi, si wiki.

Sasa natembea vizuri, ila kidole gumba hakikamati tena. Kandambili inanitoka kila nikiingia kwenye mchanga, naigeukia nyuma kama mtoto. Nimenunua makobazi yenye mkanda wa kisigino.