Studio ya sebuleni: dirisha moja, taa moja, na uso mweusi uonekane ulivyo

Chumba ninachopigia picha kina mita 3 kwa 4. Kipo kwenye nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, kina dirisha moja lenye nondo, feni ya dari, na kuta ambazo mwenye nyumba alizipaka kijani. Siku ya kazi nasogeza makochi pembeni, na kwa saa mbili tatu sebule inageuka studio. Humo nimepiga picha za mahafali, za viatu vinavyouzwa mtandaoni, za watoto wa kipaimara, na za kina mama waliokuja na vitenge vyao vipya.

Naandika kwa anayeanza, na kuna jambo linaloniuma. Bado naona picha nyingi za watu wetu ambazo uso umezama gizani, au mpiga picha amemchubua mteja kwenye kompyuta mpaka ndugu zake hawamtambui. Yote mawili yanaanzia kwenye taa iliyowekwa vibaya. Rangi ya mtu haihitaji kurekebishwa. Rekebisha mwanga.

Hatua ya 1: Lijue dirisha lako

Usiende Kariakoo kununua vifaa bado. Shinda nyumbani siku moja uangalie mwanga unavyoingia asubuhi, mchana na jioni. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Dirisha linalotazama kusini, ambalo Juni linakupa mwanga mtulivu kutwa nzima, Desemba linaweza kukuletea jua la moja kwa moja. Jua hilo likipita kwenye nondo linachora mistari usoni kwa mtu. Dawa yake ni shuka jeupe, jembamba, lililotundikwa dirishani kwa vibanio vya nguo. Shuka likishawaka jua, hilo shuka zima ndilo linakuwa taa yako.

Wavu wa mbu nao uangalie. Ukijaa vumbi unakula mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Upanguse, au ufungue kabisa kwa muda wa kazi.

Sasa mkalishe mtu ubavu wake ukielekea dirishani, kama mita moja hivi kutoka dirisha, kisha mwambie ageuze uso kidogo kuelekea kwenye mwanga. Zima taa zote za ndani. Hili watu hulipuuza. Balbu ya njano ina kama 3000 Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa mchana una kama 5500. Vikikutana usoni, shavu moja linakuwa la chungwa na jingine la buluu, na ukirekebisha moja unaliharibu la pili.

Upande wenye kivuli simamisha kitu cheupe: manila mbili zilizounganishwa kwa gundi, au ubao wa boksi la friji uliobandikwa karatasi nyeupe. Kukiwa na ukuta wa rangi upande huo, ufunike kwa shuka. Ukuta wangu wa kijani uliwahi kumfanya bwana harusi aonekane mgonjwa wa malaria, na nilikuja kugundua nikiwa mbele ya kompyuta, yeye ameshaenda zake.

Kama moyo unakusukuma kuona dirisha ni kitu cha kimaskini, mkumbuke Seydou Keïta. Alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na picha nyingi alizipigia uani kwa mwanga wa mchana. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Leo picha zake zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Hatua ya 2: Nunua taa moja tu

Dirisha halipatikani saa mbili usiku, wala mvua ya masika ikitanda. Hapo ndipo flashi inapohitajika. Nunua moja, ya kuchomeka juu ya kamera, yenye uwezo wa kurekebishwa nguvu kwa mkono kuanzia 1/1, yaani nguvu yote, hadi 1/128. Ongeza triga ya kuiwasha ukiwa mbali, stendi ya mita 2, kishikio cha kuifunga flashi kwenye stendi, na softboksi (boksi la kitambaa cheupe linalolainisha mwanga wa flashi) au mwavuli wa studio wa sentimita 80 hadi 90. Betri chukua za AA za kuchaji, seti mbili za nne nne. Seti moja ikiwa kwenye flashi, nyingine iko kwenye chaja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaendelea kupiga.

Anayetumia simu flashi hii haitamfaa kwa kawaida, kwa sababu simu nyingi haziwezi kuiwasha kwa wakati wake. Yeye achukue taa ya LED. Kwenye boksi atafute namba ya CRI au Ra, inayoonyesha taa inatoa rangi kwa uhalisia kiasi gani, iwe 95 au zaidi. Ikiwa chini sana, ngozi yenye wekundu wa asili inatoka kama majivu. Halafu umeme wetu ni wa Hezi 50, na taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiona michirizi inapanda na kushuka kwenye skrini, weka kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera linabaki wazi) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Na waya wa ekstensheni wa kuzungusha kwenye gurudumu, ukunjue wote kabla ya kuchomeka kitu kikubwa. Ukiuacha umejizungusha unapata joto mpaka plastiki inalainika.

Hatua ya 3: Stendi isianguke

Fungua miguu yote mpaka mwisho, na mguu mmoja uelekee upande taa inakoinamia. Kisha ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji kwenye stendi, karibu na sakafu. Hizo ni kilo 5, na hazikugharimu kitu.

Naisisitiza hii kwa sababu ya joto la siku moja ya Februari. Mteja alikuwa anatoka jasho, nikawasha feni ya mezani bila kufikiri, upepo ukaingia kwenye mwavuli kama tanga la dau. Stendi ilipita nusu mkono kutoka kichwani kwa mtoto wa miaka mitatu. Flashi ilipasuka, mtoto hakuguswa. Tangu siku hiyo hakuna anayekaa mbele ya kamera yangu kabla dumu halijaning'inia, hata kama ni picha moja ya pasipoti.

Hatua ya 4: Kamera kwanza iwe gizani

Weka kamera kwenye manyuo, yaani unapanga kila kitu mwenyewe. ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), apecha f/8 (upana wa tundu la lenzi), kasi ya shata 1/125. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa. Inatakiwa itoke nyeusi tii. Ikiwa bado unaona sebule, funga pazia. Picha nyeusi inakuhakikishia kwamba kila utakachokiona baadaye kimeletwa na taa yako peke yake.

Shata usiipeleke zaidi ya 1/200 kwa kamera nyingi, la sivyo utapata mkanda mweusi upande mmoja wa picha, kwa sababu pazia la shata linakuwa limeanza kujifunga flashi inapowaka.

Washa flashi kwenye 1/4 upige. Angavu mno? Shuka 1/8. Giza? Panda 1/2. Usiiachie kamera ikuamulie. Kipimo chake hutaka kila kitu kiwe kijivu cha katikati: mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe itamzamisha, na mbele ya kitambaa cheusi itampausha. Fungua histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, giza kushoto na weupe kulia, na uangalie sehemu inayong'aa zaidi usoni, kwa kawaida paji la uso. Isigonge ukingo wa kulia wa grafu.

Lenzi: mm 50 kwa kamera ya sensa ndogo (APS-C), mm 85 kwa sensa kubwa (full frame), ukisimama kama mita 2. Lenzi pana ukiisogeza karibu inavimbisha pua. Kwenye simu tumia zumu ya 2x, urudi nyuma.

Hatua ya 5: Taa ikae wapi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe.

Ngozi yenye rangi hafifu hutawanya mwanga mwingi, kwa hiyo hata taa ya hovyo hovyo inaonyesha uso. Ngozi nyeusi inaunywa mwanga mwingi, na umbo la uso linasomeka kwa mng'ao: pale juu ya shavu, kwenye ncha ya taya, ubavuni mwa pua. Mng'ao huo ni taswira ya taa yako. Taa ikiwa ndogo, unapata vidoa vyeupe viwili vitatu kwenye paji na pua, na uso uliobaki unatoweka. Taa ikiwa kubwa, mng'ao unatanda taratibu kutoka kwenye fupa la shavu hadi kidevuni, na mtu anaonekana. Ndiyo maana nikikuta uso umezama siongezi nguvu kwanza. Naikuza taa.

Na taa inakuzwa kwa kusogezwa. Softboksi ya sentimita 90 iliyo mita 3 kutoka usoni ni kitobo tu. Ilete mita 1, na kwa mtu aliyekaa hapo imekuwa dirisha. Wanaoanza huogopa kuikaribisha, wanadhani itakuwa kali. Kinyume chake, vivuli vinalainika. Nguvu ndiyo unapunguza: kutoka mita 2 kuja mita 1 mwanga unaomfikia unakuwa mara nne, hivyo kama ulikuwa 1/2, shuka mpaka 1/8. Betri nazo zinadumu.

Isimamishe nyuzi 45 pembeni mwa uso, juu kidogo ya macho, ikiinama. Sasa tazama kivuli cha pua. Kishuke kuelekea kona ya mdomo bila kugusa mdomo wa juu. Kikigusa, taa iko juu mno. Tazama na macho: kila mboni iwe na cheche ya mwanga. Mtu mwenye macho yaliyoingia ndani, au aliyevaa kofia, shusha taa mpaka cheche zitokee. Halafu jaribu kuigeuza softboksi kidogo ielekee mbele ya uso badala ya kumlenga mtu katikati, ili apate mwanga wa ukingoni. Kwa ngozi yenye mafuta au jasho, mgeuko huo mdogo unafanya kazi kuliko poda. Tishu ya kugusia paji la uso iwe karibu hata hivyo. Gusa, usisugue.

Alikuja bibi mmoja, jirani, anataka picha ya kuwekwa ukutani. Nikamwamkia, akakaa, akaniambia: "Mjukuu wangu, picha zangu zote mimi ni meno na macho tu." Nikaileta softboksi karibu mpaka ikabaki nje kidogo ya fremu, manila nyeupe mapajani pake ili mwanga urudi chini ya kidevu, flashi 1/16. Nilipomwonyesha kioo cha kamera alinyamaza, kisha akaweka kidole kwenye shavu lake, kwenye kovu dogo linalong'aa. "Hili niliunguzwa na uji, nikiwa mtoto. Leo ndiyo naliona kwenye picha." Kwenye kompyuta sikugusa kitu zaidi ya kukata pembeni.

Hatua ya 6: Mtenge mtu na ukuta

Mtoe mteja ukutani, mita 2 kama chumba kinaruhusu. Uso ukiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta mita 3, ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga wa usoni. Ukuta mweupe unakuwa kijivu, wa kijani unakuwa karibu mweusi, na hutahitaji kununua kitambaa. Hatari inabaki moja: nywele nyeusi kupotea kwenye ukuta mweusi. Simamisha manila nyeupe nyuma ya bega, upande wa pili wa taa, nje ya fremu. Inarudisha ukingo mwembamba wa mwanga kwenye nywele na bega. Mwenye hijabu nyeusi au suti nyeusi anauhitaji zaidi kuliko wote.

Kitenge chenye maua makubwa kisiwekwe nyuma ya mtu aliyevaa kitenge kingine, labda kama ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Hatua ya 7: Kabla makochi hayajarudi

Bandika vipande vya utepe sakafuni pale stendi, kiti na kamera vilipokaa, na uandike kwenye daftari: umbali, urefu wa taa, nguvu ya flashi. Mteja akirudi mwezi ujao na mdogo wake, unapanga kwa dakika tano.

Toa betri kwenye flashi kama hutaitumia wiki nzima. Kamera na lenzi ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishaota kuutoa ni kazi ya fundi. Na kama kamera imelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, usiitoe moja kwa moja kwenye joto. Itoe ikiwa ndani ya begi lililofungwa, iache humo kama nusu saa, ndipo ufungue.