Futari ya majirani wa dini mbalimbali Tanga: siku, sufuria na saa

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, iliangukia Februari 18, na Ramadhani ikaandama wiki hiyo hiyo. Mwaka 2027 Majivu ni Februari 10, na Ramadhani inatarajiwa tena siku hizo hizo. Kwa nyumba za mtaa wa Ngamiani, ambako Mwislamu, Mkatoliki na Msabato hupanga ukuta kwa ukuta, maana yake ni kwamba wengi uani wamefunga, ila kila mmoja kwa masharti yake. Haya ni maelekezo ya kufuturisha watu 30 pasipo mgeni hata mmoja kulazimika kujieleza.

Anza na siku. Wengi hukimbilia Ijumaa kwa utukufu wake, na kwa futari ya namna hii ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mkatoliki hali nyama Ijumaa za Kwaresima. Msabato naye huanza Sabato yake Ijumaa jua linapozama, saa ile ile unayomkaribisha mkekani. Ukisogeza Jumamosi, atakuja baada ya magharibi, lakini mchana wake hatakwenda sokoni wala kukuna nazi, kwa hiyo usimhesabu kwenye wapishi. Chagua Jumapili. Kwa Wakristo wa Kwaresima, Jumapili haimo katika zile siku 40 za mfungo, na misa za asubuhi zinakuwa zimeisha mapema.

Ukialika, iwe kwa mdomo au kwenye kundi la WhatsApp, usiulize nani amefunga. Yuko mwenye kisukari, yuko mwanamke aliye katika siku zake. Hayo si ya kutangazwa. "Mama Joni, Jumapili tunawaomba mje mfuturu nasi, msipike" inatosha. Swali la kuuliza ni moja tu: kuna kitu hamli?

Jikoni ndiko kunakoharibika mambo. Jirani Mkristo akitaka kuchangia, alete viungo vibichi vipikwe kwenye sufuria za mwenyeji. Sufuria iliyowahi kupika kitimoto itamfanya Mwislamu ashike tende tu na kusingizia tumbo. Jirani huyo Mkristo mpe kazi ya kuonja chumvi, maana wapishi wengine wamefunga. Kama yupo jirani Mhindu asiyekula nyama, mtengee sufuria na mwiko wake tangu mwanzo. Kuchota mchuzi wa samaki na kuacha vipande si kupika bila nyama.

Kwa wengine wote, kitoweo kinachopita ni samaki wa kupaka. Samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo swali la nani kachinja halipo. Nunua changu, samaki mwenye magamba: Msabato hali samaki asiye na magamba, wala pweza, ngisi, kamba na kaa. Papa naye hafai, hata kama unakaa mtaa wa Mabanda ya Papa.

Kwa watu 30 chukua kilo 8 za samaki kutoka soko la Deep Sea, kilo 10 za muhogo na maganda yake, tende kilo 1 (kila mtu tatu, na chache za akiba), unga wa uji kilo 1 kwa maji lita 9, sukari robo tatu ya kilo, na nazi 12: sita za muhogo, nne za samaki, mbili za uji. Pika muhogo kwa tui jepesi hadi ulainike, tui zito ulitie mwishoni, moto mdogo, ukikoroga bila kufunika. Ukiliacha lichemke kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea juu na muhogo ukabaki na majimaji.

Sasa saa. Februari na Machi, jua Tanga huzama kati ya saa 12:30 na saa 12:47 jioni. Tofauti na Dar es Salaam haifiki dakika mbili, kwa hiyo adhana ya redio ya Dar haitakupoteza. Simu ndiyo hupoteza. Programu ya adhana iliyobaki kwenye eneo la Mwanza itachelewa kama dakika 25, na mgeni aliyetoka Kigoma simu yake inaweza kuchelewa karibu dakika 40. Kagua pia mpangilio wa madhehebu: ukiwa wa Hanafi, Alasiri huchelewa kwa saa nzima na zaidi kidogo, na wapishi wanaosubiri adhana hiyo ndipo watie muhogo motoni wataumbuka. Fuateni msikiti wa mtaani, simu ziwe za kukumbushia tu.

Adhana ikitoka, wote wale tende na kunywa maji pamoja. Kila mtu aombe kimya kwa alivyofundishwa. Kumwita mchungaji na shehe waombe kwa zamu hurefusha jambo, na wenye njaa hawasikilizi. Ndoo ya lita 20 yenye kata hutosha udhu wa watu kumi hivi. Tandika mikeka kuelekea kaskazini, kwani kutoka Tanga kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, na itandikwe pasipo njia ya kwenda jikoni ili asipite mtu mbele ya wanaoswali. Swala ya magharibi ni kama dakika kumi. Wasioswali wabaki na uji. Sufuria kubwa zisifunuliwe hadi wengine warudi.

Picha zipigwe kwa ruhusa, na akina mama waliolegeza mitandio waachwe.

Wageni waachiwe kabla ya saa 2 kasoro robo, wenye Isha na tarawehe wawahi. Kilichobaki kigawe kabla hawajaondoka, na uwaambie wakichemshe usiku huo huo: chakula cha nazi kwa joto la Tanga huchacha, na anayekiweka kwa ajili ya daku bila kukipasha atakimwaga.