Nyuki wa dirishani: kusomesha nyumbani kwa vitabu vya maktaba

Nyuki walipojenga kwenye dirisha la jikoni, mwanangu wa miaka minane aliacha kitabu cha hesabu mezani akaenda kuwakodolea macho. Nilimkemea mara mbili, ya tatu nikanyamaza. Mwezi ule tulisoma nyuki tu.

1. Andika maswali kabla ya kutoka kwenda maktaba. Kwa maneno ya mtoto, si yako. Yetu: "Mbona vyumba vyao vina pembe sita?" "Malkia akifa?" "Asali ni matapishi?" Ukienda mikono mitupu utarudi na vitabu vinavyokupendeza wewe.

2. Zijue namba za rafuni. Hapa ndipo penye utamu. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876, wenye namba kwa kila mada, kuanzia 000 hadi 999. Wadudu wako 595.7, na wazazi wengi huishia hapo. Ufugaji nyuki uko mbali, 638, pamoja na kilimo. Mapishi ni 641. Jiometri 516, na huko ndiko lile swali la pembe sita lilikotupeleka. Tulikata maumbo ya karatasi, tukayapanga sakafuni. Duara liliacha mapengo, pembetano pia. Mraba ulishikana vizuri, akauliza mbona basi nyuki hawakuuchagua. Tukapima kwa uzi: kwa nafasi ileile, pembesita hula ukuta mfupi zaidi, yaani nta kidogo. Kile kitabu cha hesabu kilikuwa bado mezani.

3. Changanya viwango. Cha picha, cha umri wake, na kimoja cha watu wazima. Hiki cha mwisho usikisome chote. Fungua faharasa, tafuta neno, soma aya moja. Ndivyo tulivyokutana na Karl von Frisch, mtafiti wa nyuki aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Aligundua kwamba nyuki aliyeona maua hucheza ngoma kuwaonyesha wenzake upande na umbali. Nikaficha limau uani, mwanangu akacheza, dadake akalitafuta. Alilikosa mara nne.

Vikiwa vya Kiingereza, mimi husoma kimoyomoyo nikamsimulia kwa Kiswahili: chavua, sega, mzinga.

4. Kisichofunguliwa kirudishwe. Usilazimishe. Tarehe iandike mlangoni; niliwahi kulipa faini ya kitabu kilicholala chini ya godoro.

5. Siku ya kurudisha, aandike swali lililobaki. La kwetu lilikuwa la siafu. Nao wako palepale, 595.7.