Kujadili kipato cha msingi kwa wote mgombea anapokiweka kwenye ilani

Mdahalo wa kipato cha msingi kwa wote, yaani fedha ambazo serikali humlipa kila mtu mara kwa mara bila masharti, huharibika mapema, pale upande mmoja unapotetea wazo huku mwingine ukishambulia sera. Mgombea hanadi wazo tupu. Kwa hiyo kabla hujaandika hoja hata moja, fungua ilani yake utafute majibu manne: nani atalipwa, atalipwa kiasi gani, misaada ipi ya sasa itaguswa, na fedha zitatoka wapi.

Mfano mzuri wa mazoezi ni Andrew Yang, aliyewania tiketi ya chama cha Democratic katika uchaguzi wa urais wa Marekani wa 2020. Aliahidi dola 1,000 kwa mwezi kwa kila raia mtu mzima, sehemu ya fedha itokane na VAT (kodi ya ongezeko la thamani, inayolipwa kwenye manunuzi) ya asilimia 10, na wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali wachague: wabaki nayo au wachukue fedha hizo. Hapo ndipo penye kidonda. Anayebaki na msaada wake haongezewi kitu, lakini dukani anakutana na VAT kama wengine wote. Hoja hiyo ina uzito kuliko kelele zote za "watu watakuwa wavivu", na anayetetea sera lazima aje na jibu lake, kwa mfano kuondoa VAT kwenye bidhaa za lazima.

Sasa gharama, maana hapa ndipo midahalo mingi inaposhindwa au kushinda. Kosa la kawaida ni kuzidisha idadi ya watu kwa kiasi cha malipo, kisha kutangaza jumla kana kwamba yote ni mzigo mpya. Chora jedwali dogo. Chukua watu kumi: wanne wanapata 150 kila mmoja, watatu 400, wawili 800, mmoja 1,600. Jumla ya mapato ni 5,000. Mpe kila mmoja 100. Zinahitajika 1,000, yaani kodi ya asilimia 20. Mwenye 150 analipa 30, anabaki na faida ya 70. Mwenye 400 analipa 80, anafaidi 20. Mwenye 800 analipa 160, anapungukiwa 60. Mwenye 1,600 analipa 320, anapungukiwa 220. Jumlisha faida za wale saba: 340. Fedha zilizohama mfuko kwa kweli ni 340, si 1,000.

Anayetetea asishangilie haraka, ingawa. Ile asilimia 20 bado ni kodi halisi juu ya kila shilingi inayoongezeka, na ikiwekwa juu ya kodi zilizopo inaweza kumfanya mtu asione faida ya saa za ziada kazini. Anayepinga aingilie hapo.

Kwenye ushahidi, kabla ya kulitaja jaribio lolote jiulize: waliopokea walichaguliwaje, na nani alilipa? Finland mwaka 2017 na 2018 iliwapa watu 2,000 euro 560 kwa mwezi, lakini wote walikuwa wasio na ajira. Matokeo yalionyesha hali njema zaidi ya kimaisha na ongezeko dogo tu la ajira. Nchini Kenya, shirika la GiveDirectly limelipa watu wazima wa vijiji vizima, baadhi kwa mpango wa miaka 12, ila kwa fedha za wafadhili. Majaribio haya yanatueleza mpokeaji anafanya nini na fedha. Hayatuelezi mlipa kodi atafanya nini. Ukiyatumia kuthibitisha kwamba sera nzima inalipika, mpinzani makini atakuvua nguo mbele ya watu.

Kuhusu mfumuko wa bei, tenganisha mambo mawili. Fedha zikichapishwa, bei kupanda ni hatari ya wazi. Zikitoka kwenye kodi, uwezo wa kununua umehamishwa tu, hivyo hoja ihamie kwenye vitu ambavyo haviongezeki haraka, hasa nyumba za kupanga.

Ukiwa na dakika saba, tumia moja kueleza sera, tatu kwenye gharama, mbili kwenye ushahidi, na ya mwisho kujibu. Yaweke akiba maswali yako kwa jambo ambalo wagombea hulikwepa: nani atapanga kiasi cha mwaka ujao? Jimbo la Alaska nchini Marekani limewalipa wakazi wake gawio la mfuko unaotokana na mafuta kila mwaka tangu 1982, watoto wakiwemo, na kwa miaka mingi kiasi kilifuata kanuni iliyowekwa kisheria. Mwaka 2016 bajeti ilipobana, gavana alikata karibu nusu ya gawio hilo. Basi uliza kama kiasi kimefungwa kwenye gharama za maisha, ni sheria ya aina gani inayokilinda, na ni wingi gani wa kura za wabunge unaohitajika kukipunguza.