Somo: Kusikiliza utendi wa Homer, hatua kwa hatua

Wengi wanaoifungua Iliadi, utendi wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, juu ya vita vya Wagiriki na mji wa Troy, hukwama mapema. Majina ni mengi, na maneno yaleyale yanarudi mpaka msomaji anadhani mtunzi kaishiwa. Mimi nilikwama mara mbili. Kilichonikwamua ni kutambua kwamba nilikuwa nakisoma kimyakimya kitu kilichotungwa kwa ajili ya masikio.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti. Kila mshororo una mapigo sita. Pigo ni silabi moja ndefu na fupi mbili, au ndefu mbili. Sisi tuliozoea utenzi tunahesabu mizani nane kila kipande, basi. Mgiriki alipima urefu wa silabi, ndiyo maana mshororo mmoja unaweza kuwa na silabi 12 na mwingine 17. Vina hakuna. Tafsiri huua mdundo huo, lakini sauti bado inasaidia, kwa sababu karibu nusu ya Iliadi ni watu wanasemezana, wanatukanana na kubembelezana.

Hatua ya 2: Usiyaruke marudio. Hapa ndipo penye utamu. Katika kitabu (yaani sehemu) cha 1 Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, amesusa vita, ameketi kando ya merikebu zake, na bado anaitwa "Achilles mwepesi wa miguu". Mwepesi wapi, na mtu amekaa? Mmarekani Milman Parry alieleza jambo hili miaka ya 1920: sifa huchaguliwa kwa kuwa inajaza nafasi iliyobaki kwenye mshororo. Chukua shujaa mwingine, Odysseus: nafasi ikiwa fupi, ni "Odysseus mtukufu". Ikirefuka, ni "Odysseus mwenye hila nyingi". Ikizidi, ni "Odysseus mtukufu, mvumilivu sana". Manju anayetunga papo kwa papo mbele ya watu hawezi kusita akitafuta neno, kwa hiyo vipande anavyo tayari mdomoni.

Kati ya 1933 na 1935 Parry alikuwa Yugoslavia, akirekodi waimbaji wa visa vya mashujaa waliopiga gusle, chombo cha uzi mmoja. Mmoja wao, Avdo Međedović, muuza nyama asiyejua kusoma wala kuandika, alimtolea kisa cha mishororo zaidi ya 12,000. Odisei nzima, utendi mwingine wa Homer, ina kama 12,100.

Hatua ya 3: Jua utendi huu ulikotoka. Majumba ya wafalme wa Mycenae, dola ya Wagiriki wa zamani zaidi, yaliporomoka karibu mwaka 1200 K.K., na maandishi yao yakapotea. Kwa karne kadhaa visa vilipita mdomo kwa mdomo, mpaka Wagiriki wakaazima herufi za Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni. Ndiyo maana mambo ya enzi mbalimbali yamechanganyika. Kitabu cha 10 kinaeleza kofia ya vita ya meno ya nguruwe mwitu, vazi la enzi za Mycenae, lakini mashujaa wakifa wanachomwa moto, hali watu wa Mycenae kwa kawaida walizika. Hata lugha yake haikuwa ya mtaa wowote. Ni Kigiriki cha Ionia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, kilichopachikwa maneno ya lahaja nyingine, kama mshairi wa Mombasa anavyochota Kiamu.

Hatua ya 4: Orodha ya merikebu za Wagiriki na makamanda wao katika kitabu cha 2, iruke. Utairudia ukishazoea.

Maswali ya wanachama

*Farasi wa mbao, yule Wagiriki waliyejificha ndani yake kuingia Troy, yuko wapi? Nimefika mwisho sijamwona.*
Hayumo, ndugu yangu. Iliadi inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy, na mji haujaanguka bado. Farasi utamkuta katika Odisei, kitabu cha 8, akiimbwa na manju kipofu Demodokos.

*Mwalimu, kwani Homer alikuwepo kweli?*
Wagiriki wa kale waliamini hivyo, na kisiwa cha Chios na mji wa Smyrna viligombea kuwa ndiko kwao. Wataalamu hawajaafikiana. Mimi naona Iliadi ina mkono wa fundi mmoja, ila fundi huyo alirithi kazi ya wengi.

*Ukiacha vina, tofauti na tenzi zetu ni nini?*
Tazama mwanzo. Mwana Kupona anamwita bintiye aje na wino na karatasi. Homer anamwomba mungu wa kike aimbe.

*Nina siku mbili tu. Nisome nini?*
Vitabu vya 1, 6, 22 na 24. Cha 24 kisome usiku, nyumba ikiwa kimya: mzee Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, anaingia kwa Achilles na kuibusu mikono iliyowaua wanawe.