Pampu ijiwashe, ijizime: kihisi na kitendaji kwenye simtanki

Kihisi hupima, kitendaji hutenda. Kati yao kuna kompyuta ndogo inayoamua. Hapa tunatumia simtanki la lita 1,000, kihisi cha mawimbi ya sauti JSN-SR04T, ESP32 (ndiyo kompyuta ndogo yenyewe), na rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) inayoamrisha kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, ya pampu.

1. Kufunga kihisi. Kiweke kwenye mfuniko kikitazama chini wima, mbali na ukuta na bomba la kuingizia maji. Ndani ya sentimita 25 za mwanzo ni kipofu: maji yakifika hapo hutoa namba ya uongo, na pampu inaweza kuwaka tangi likiwa limejaa. Hesabu kuwa limejaa maji yakiwa bado sm 30 chini yake.

2. Waya. Umeme wa kihisi ni volti 5, Trig (waya wa kuamuru sauti itumwe) pini 26, Echo (waya wa kuleta jibu la mwangwi) pini 27. Echo hutoa volti 5 na ESP32 huvumilia 3.3 tu. Pitisha Echo kwenye rezista ya kilo-omu 1 hadi pini, kisha kutoka pini hiyo weka ya kilo-omu 2 hadi GND (waya hasi wa pamoja).

3. Kupima. Washa Trig kwa maikrosekunde 10, hesabu muda ambao Echo inakaa juu, zidisha kwa 0.0343 (sm ambazo sauti husafiri kwa maikrosekunde moja), gawa kwa 2 kwa kuwa sauti huenda na kurudi. Maikrosekunde 5,000 ni kama sm 86. Hewa ya tangini ikifika nyuzi 40 kosa hukaribia asilimia 4. Kwa pampu si neno. Chukua vipimo 5, kila baada ya milisekunde 100, utumie cha katikati. Wastani haufai, mwangwi mmoja uliopotea huuharibu.

4. Rilei. Hapa ndipo wengi huunguza vitu. Rilei imeandikwa ampea 10, na pampu ya kilowati 0.75 ikizunguka hula kama 5, kwa hiyo mtu huiunga moja kwa moja. Lakini mota inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya hapo. Midomo ya rilei (vyuma vyake vinavyogusana) huyeyuka na kugandana, programu inasema zima, pampu inaendelea. Rilei iwashe koili ya kontakta tu (waya uliosokotwa unaoifanya kontakta ifunge), na upande wa volti 230 umwachie fundi umeme.

5. Uamuzi. Washa maji yakishuka hadi asilimia 30 ya tangi, zima yakifika 90. Ukitumia kiwango kimoja, maji yakichezacheza pampu itawaka na kuzima mfululizo. Kwa pampu ya lita 30 kwa dakika, lita 600 huchukua dakika 20, basi weka kikomo cha dakika 30. Kiwango kisipopanda ndani ya dakika 5, zima: huenda kisima kimekauka. Uamuzi huu ukae ndani ya ESP32 yenyewe. MQTT (njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa intaneti) ipeleke taarifa kwenye simu tu, maana intaneti haikatiki kwa miadi. Ongeza swichi ya boya (inayokata umeme maji yakiinua boya) ndani ya tangi, sehemu ya juu, iungwe kwenye njia ileile ya waya wa koili ya kontakta, ili ikikata, koili ikose umeme.

6. Jaribio. Weka taa badala ya pampu. Sogeza ubao chini ya kihisi, sm 40, 80, kisha 120, ulinganishe na futi kamba. Taa ikiwa inawaka, chomoa waya wa Echo: kipimo kikikosekana, programu inapaswa kuizima. Isipozimika, usiunge pampu bado.